Kasoro ya Kiwandani na Jeraha la Njiani: Namna ya Kuitambua Sarafu Kabla ya Kuitolea Akiba Yako



Katika masoko ya Busia, Malaba na Mutukula, sarafu za nchi mbili hadi tatu hukutana ndani ya mkoba mmoja. Mama anayeuza dagaa hupokea shilingi za Uganda asubuhi na za nchi jirani adhuhuri. Mwendesha bodaboda hurudi nyumbani jioni na mchanganyiko asioweza kuuhesabu mpaka afike kwenye mwanga wa taa. Hali hiyo ni neema ya biashara, lakini pia ni mwanya. Palipo na sarafu nyingi za sura mbalimbali, mtu mwenye ulimi mtamu hapati taabu kuinua moja iliyopinda au kubabuka na kudai kwamba ina kasoro adimu ya kiwandani, na kwamba thamani yake ni mamilioni.

Somo la toleo hili linahusu namna ya kupambanua kasoro ya kweli ya ufuaji wa sarafu na uharibifu wa kawaida. Tumelichagua kwa sababu mwizi wa namna hii havunji mlango wala hashiki silaha. Mwathiriwa humpa akiba yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha huona haya kuja kituoni kueleza yaliyompata. Ada ya shule, fedha ya kikundi cha akina mama na mtaji wa duka vinaweza kupotea kwa kipande kimoja cha chuma kilichopigwa nyundo nyuma ya gereji.

Hatusemi kwamba kasoro za sarafu ni hadithi tupu. Zipo, na wako watu duniani wanaozikusanya na kuzilipia bei kubwa. Uongo huu unapata nguvu kwa sababu umeegemea ukweli huo. Kwa hiyo kinga yake si kukataa kila kitu, bali kuujua ukweli wenyewe mpaka mwisho wake.

SARAFU HUZALIWAJE

Uganda na Kenya hazina viwanda vyao vya kufulia sarafu. Benki kuu za nchi hizo huagiza sarafu kutoka viwanda vya ng'ambo. Lakini popote zinapofuliwa, utaratibu hautofautiani sana. Bamba refu la madini hupitishwa katikati ya magurudumu ya chuma mpaka lifikie unene unaotakiwa. Mashine hulitoboa na kutoa visahani vya duara visivyo na maandishi. Visahani hivyo hupashwa moto ili vilainike, huoshwa, kisha hubanwa pembeni ili ukingo uinuke kidogo.

Hatimaye kila kisahani huingia katika mashine ya kugongea. Hapo tukumbuke vitu vitatu: muhuri wa juu, muhuri wa chini, na pete ya chuma inayokizunguka kisahani kisije kikatanuka. Mihuri hukutana kwa nguvu ya tani nyingi. Madini husukumwa na kujaa katika kila tundu la mihuri, kama udongo wa mfinyanzi unavyojaa katika kalibu. Picha, maandishi, ukingo na mistari ya ubavuni huzaliwa kwa pamoja.

Sarafu za madini mawili, kama shilingi 20 ya Kenya au shilingi 1,000 ya Uganda iliyotolewa mwaka 2012 kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, huwa na kitovu na pete vilivyotengenezwa mbalimbali. Viwili hivyo huwekwa pamoja kabla ya kugongwa, na pigo lile lile linalochora picha ndilo linalovikaza visiachane.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni moja inayobeba somo zima. Kila kilichoipata sarafu mpaka ilipotoka chini ya mihuri ni kasoro ya kiwandani. Kila kilichoipata baada ya hapo ni uharibifu, hata kiwe cha ajabu namna gani. Basi mtu akikuonyesha sarafu, usianze kwa kuuliza bei yake. Jiulize kwanza: je, mihuri miwili na pete moja vingeweza kufanya jambo hili?

KASORO ZA KWELI NA ALAMA ZAKE

Pigo la pembeni. Kisahani kikiingia vibaya, mihuri hukigonga upande mmoja tu. Sarafu hutoka na picha iliyosogea, na upande wa pili hubaki mwezi mwandamo wa madini matupu. Alama yake ni kwamba sehemu iliyogongwa husomeka wazi kama sarafu nyingine yoyote, na sehemu tupu huwa laini bila mikwaruzo ya tupa. Sarafu iliyosagwa kwenye jiwe la kunolea nayo hupoteza picha upande mmoja, lakini hapo utaona mistari ya msago, na madini yenyewe yatakuwa yamepungua.

Kisahani kilichomegwa. Mashine ya kutoboa ikirudi mahali palipokwisha kutobolewa, kisahani hutoka na pengo la mviringo, kana kwamba kimeng'atwa. Hapa ipo alama ambayo walaghai wengi hawaijui. Tazama ukingo ulio mkabala na pengo, upande wa pili wa sarafu. Katika kasoro ya kweli, ukingo huo mara nyingi huwa dhaifu au umefifia, kwa sababu mashine inayoinua ukingo ilikosa kitu cha kubana upande wa pengo. Tena, herufi zilizo karibu na pengo hufifia au kuvutika kuelekea pengoni. Sarafu iliyokatwa kwa koleo au msumeno haina dalili hizo: herufi zake hukatwa ghafla kama mkate, na ukingo wa mkabala hubaki imara.

Pigo lisilo na pete. Pete isipokuwa mahali pake, kisahani hutanuka. Sarafu huwa pana na nyembamba kuliko wenzake, na ubavu wake hauna mistari hata kama aina hiyo kwa kawaida huwa nayo. Upana wake huongezeka pande zote karibu sawasawa, na picha hubaki kamili.

Muhuri uliopasuka. Mihuri hugonga sarafu nyingi sana, na mwishowe huchoka na kupata ufa. Madini huingia katika ufa huo, na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka. Wasomaji wetu waishike alama hii kwa sababu inapimika kwa ukucha: mstari wa muhuri uliopasuka huinuka juu ya uso wa sarafu, lakini mkwaruzo wa msumari huzama ndani yake.

Muhuri uliozibwa. Grisi na vumbi vikijaa katika herufi ya muhuri, herufi hiyo haitokei kwenye sarafu au hutokea kwa kufifia. Mahali pake pana uso ule ule na mng'ao ule ule wa eneo linaloizunguka. Herufi iliyokwanguliwa kwa kisu huacha kibonde na mikwaruzo.

Pigo la mara mbili. Sarafu isipotoka mashineni baada ya kugongwa, inaweza kugongwa tena ikiwa imesogea. Utaona picha mbili, ya pili ikiwa imeilalia ya kwanza, na zote mbili ni za muhuri ule ule. Kasoro nyingine inayofanana nayo hutoka katika muhuri wenyewe uliochorwa mara mbili. Hapo herufi huonekana pacha, kila moja ikiwa na mwili wake wa duara. Lakini tahadhari: muhuri uliolegea na kutikisika huacha kivuli bapa kama ngazi kando ya herufi. Kivuli hicho kimetoka kiwandani, lakini ni cha kawaida na wakusanyaji hawakijali.

Picha ya kioo. Sarafu iliyokwisha kugongwa ikinasa kwenye muhuri, kisahani kinachofuata hugongwa na sarafu hiyo badala ya muhuri. Matokeo yake ni picha iliyozama na kugeuka kama inavyoonekana kwenye kioo. Kasoro hii ni ya thamani, na kwa hiyo huigwa sana. Mlaghai huweka sarafu mbili katika jiriwa la fundi na kuzibana. Herufi zilizogeuka hutokea kweli, lakini juu ya picha ya zamani iliyokandamizwa, na upande wa pili huwa umebonyea.

MAJERAHA YANAYODANGANYA MACHO

Reli ya kwenda Kampala hupita Malaba, na watoto wengi wamewahi kuweka sarafu juu yake ili gari la moshi lipite. Sarafu hutoka ndefu kama jani, nyembamba, na picha yake imevutika. Mihuri haiwezi kuvuta picha namna hiyo, kwa sababu mihuri huchapa kwenye madini picha ambayo tayari imekamilika. Picha iliyovutika ni ushahidi kwamba ilikuwapo kwanza, kisha ikaharibiwa.

Asidi ya betri ni mwalimu mwingine wa uongo. Sarafu ikilala ndani yake huwa nyembamba na nyepesi. Herufi hukonda na uso huwa na vinyweleo. Atakayekuuzia atasema kwamba ilifuliwa kwa kisahani cha aina nyingine. Uipime mizani na kuitazama kwa kioo cha kukuzia: kisahani tofauti kinaweza kupunguza uzito, lakini hakikondeshi herufi wala hakiufanyi uso uwe kama sifongo.

Moto hubadili rangi na kuacha malengelenge. Sonara anaweza kuipaka sarafu nyeupe rangi ya dhahabu kwa dakika chache. Rangi peke yake, bila uzito na bila sumaku, haithibitishi lolote.

Sarafu yenye vichwa viwili huuzwa kama ajabu kubwa. Nyingi hutengenezwa kwa kuchimba sarafu moja kama kikombe na kuingiza ndani yake nusu ya nyingine. Tafuta mstari mwembamba unaozunguka ndani ya ukingo, kisha iangushe kwenye meza ya mbao pamoja na sarafu nzima ya aina ile ile. Sarafu iliyounganishwa hulia kwa sauti butu.

Sarafu ya madini mawili iliyopoteza kitovu, au ambayo kitovu chake kimegeuzwa, nayo ina maelezo yake. Kwa kuwa picha huchorwa baada ya kitovu na pete kuwekwa pamoja, haiwezekani kitovu kilichokwisha kuchorwa kikageuka ndani ya mashine. Kitovu kilichopinduliwa kilitolewa na kurudishwa na mkono wa mtu.

Tumalizie na tundu. Wazee wengi bado wanazo senti za Afrika Mashariki za zama za ukoloni, zenye tundu katikati. Tundu hilo lilitengenezwa kiwandani kwa sarafu zote za senti 1, 5 na 10 za wakati huo: ni duara kamili, na muundo wa sarafu umepangwa kulizunguka. Tundu lililotobolewa kwa keekee ili sarafu ivaliwe shingoni hukata picha au maandishi, na kingo zake hukwaruza kidole.

TOFAUTI AMBAZO SI KASORO WALA UHARIBIFU

Watu wengi hudanganywa kwa sarafu nzima kabisa, isiyo na dosari yoyote, kwa sababu tu inatofautiana na waliyoizoea. Mifano ni hii.

Sarafu ya Uganda ya shilingi 100, yenye fahali wa pembe ndefu wa Ankole, ilianza mwaka 1998 ikiwa ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao hauvutwi na sumaku. Baadaye ilifuliwa kwa chuma kilichopakwa nikeli, ambacho huvutwa. Zote mbili ni halali. Mtu anayekuonyesha kwa sumaku kwamba moja hunasa na nyingine hainasi, akadai ya pili ni adimu, amekuonyesha mabadiliko ya madini tu.

Baadhi ya sarafu za shilingi 1 za Kenya za miaka ya 1990 zilikuwa na rangi ya njano. Ile ya mwaka 2005 ni nyeupe. Sarafu za Kenya zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu badala ya sura za marais, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Ukosefu wa sura ya rais si kosa la kiwanda, na kuwapo kwake kwenye sarafu ya zamani si muujiza.

Sarafu za kale za Afrika Mashariki zinaweza kuwa na herufi ndogo kama H, KN au SA. Hizo ni alama za viwanda vilivyozifua, Heaton na Kings Norton vya Uingereza, na kile cha Pretoria, Afrika Kusini. Zilikusudiwa kuwapo.

Sarafu za Marekani, ukizigeuza kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, picha ya nyuma huonekana kichwa chini. Huo ndio mtindo wa nchi hiyo kwa sarafu zake zote za kawaida. Asiyejua hilo atamlipa mtu kwa ajili ya kitu ambacho kila Mmarekani anacho mfukoni.

HATUA SITA ZA UCHUNGUZI

Uchunguzi huu hauhitaji maabara. Kinachotakiwa ni mwanga wa jua, kioo cha kukuzia, sumaku ya spika ya redio iliyokufa, mizani ya sonara, na zaidi ya yote subira.

1. Tafuta sarafu nzima ya aina ile ile na, ikiwezekana, ya mwaka ule ule. Bila ya kulinganisha hakuna uchunguzi.

2. Pima uzito wa zote mbili. Sarafu iliyopigwa nyundo hubadili umbo bila kubadili uzito. Iliyokatwa, iliyosagwa au iliyolala katika asidi hupungua.

3. Zijaribu zote mbili kwa sumaku, ukikumbuka kwamba miaka tofauti inaweza kuwa na madini tofauti.

4. Pitisha ukucha na kioo cha kukuzia juu ya alama inayodaiwa kuwa kasoro. Imeinuka au imezama? Ni laini au ina mikwaruzo?

5. Geuza upande wa pili mahali pale pale. Kisahani kilikuwa kati ya mihuri miwili, kwa hiyo jambo lililotokea mashineni mara nyingi huacha dalili pande zote mbili. Nyundo huacha picha iliyobondeka upande mmoja na ubapa upande wa pili.

6. Rudi kwenye swali la kwanza. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mashine ilivyoweza kulifanya jambo hilo. Usipoweza kueleza, na anayekuuzia naye asipoweza, usitoe fedha.

MIFANO MIWILI KUTOKA NG'AMBO

Mwaka 2008 Uingereza ilibadili muundo wa sarafu zake. Katika sarafu ya peni 20, mwaka ulikuwa ukiandikwa upande wa nyuma; katika muundo mpya ukahamishiwa upande wa kichwa. Kiwandani, muhuri wa kichwa wa zamani ukatumiwa pamoja na muhuri mpya wa nyuma, na sarafu nyingi zikatoka bila mwaka upande wowote. Kasoro hiyo ni ya kweli, na sababu yake inaelezeka kwa sentensi moja. Mtu anayeikwangua sarafu ya kawaida ili kufuta mwaka hawezi kuiga jambo hilo, kwa sababu muundo wa pande zake mbili utamsaliti.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili, shaba ilihitajika jeshini, na senti za nchi hiyo zikafuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyobaki mashineni vikagongwa pamoja na vile vya chuma. Senti hizo chache za shaba za mwaka 1943 ni miongoni mwa kasoro mashuhuri kuliko zote, na zimeuzwa kwa fedha nyingi sana. Walaghai hawakuchelewa: wengine walizipaka shaba senti za chuma, wengine walikata tarakimu 8 ya mwaka 1948 ili isomeke 3. Senti ya chuma ina uzito wa gramu 2.7, ya shaba gramu 3.11, na sumaku huivuta ya chuma peke yake. Tarakimu iliyokatwa nayo huonekana kwa kioo cha kukuzia. Kwa hiyo sumaku na mizani, vitu ambavyo fundi yeyote wa sokoni anavyo, vimefichua uongo mwingi uliovikwa shaba.

HILA YA WATU WATATU

Tueleze sasa jinsi ulaghai huu unavyoweza kupangwa, ili anayeusikia autambue tangu neno la kwanza. Tuchukue mfano wa mzee mwenye duka karibu na kivuko.

Kijana mnyenyekevu anaingia, ananunua sabuni, kisha anatoa sarafu iliyopinda. "Mzee wangu, shikamoo. Hii niliikuta katika vitu vya marehemu babu. Sijui kama inapokelewa." Mzee anaikataa. Mara anaingia mtu wa pili, aliyevaa vizuri, anaiona na kushtuka. Anaomba kuitazama, anatoa kioo cha kukuzia, anapiga simu mbele ya wote. Sauti ya mtu wa tatu inasikika ikisema kwamba iko tayari kutoa mamilioni, lakini mnunuzi yuko ng'ambo ya mpaka na atafika kesho. Mtaalamu anamnong'oneza mzee: "Mzee, mimi sina fedha hapa. Mpe huyu kijana kidogo tu uishike wewe, kesho tutagawana."

Hapo mzee hakununua sarafu. Alinunua kesho isiyokuja. Tuzitazame dalili zake: haraka, siri, mnunuzi asiyeonekana, na fedha inayotakiwa itangulie. Mnunuzi wa kweli huichunguza sarafu yeye mwenyewe, huipima, na hulipa yeye. Haombi ada ya uthibitisho, nauli, wala kodi ya mpaka kutoka kwa mwenye mali.

Tunaongeza neno moja kwa wenye sarafu ambazo kweli zina dalili za kasoro. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Kuisafisha huifuta alama inayothibitisha asili yake na kuishusha thamani. Ifunge kwa karatasi kavu, ipige picha pande zote mbili, na utafute maoni ya zaidi ya mtu mmoja mwenye ujuzi. Benki yako itaipokea kwa thamani iliyoandikwa tu. Bei ya ziada ni makubaliano kati ya mkusanyaji na wewe. Kasoro nyingi za kweli, hasa nyufa ndogo za muhuri, hazifikii hata bei ya chakula cha mchana.

SHERIA NA WAJIBU WETU

Sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania zote zinatambua makosa ya kughushi sarafu na ya kujipatia mali kwa udanganyifu. Kuichonga au kuipaka sarafu rangi kisha kuiuza kwa madai ya uongo hakuwi biashara kwa sababu tu mnunuzi alikubali kwa hiari. Wala mkosaji haachi kosa lake kwenye kizuizi cha barabara. Polisi wa nchi hizi hushirikiana kupitia Shirika la Ushirikiano wa Wakuu wa Polisi wa Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1998, na taarifa inayotolewa upande mmoja inaweza kufuatiliwa upande wa pili.

Ukifuatwa na watu wa namna hii, usibishane nao wala usijaribu kuwakamata peke yako. Kumbuka sura, mavazi, namba ya simu iliyotumiwa na namba ya chombo cha usafiri. Mweleze mwenyekiti wa LC 1, au chifu ikiwa uko upande wa Kenya, au mwenyekiti wa kijiji ikiwa uko Tanzania, kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu. Ikiwa umekwisha kutoa fedha, njoo siku ile ile, na uje na sarafu yenyewe ikiwa imefungwa bila kuoshwa, kwa kuwa ni ushahidi. Hakuna askari mwenye haki ya kukucheka. Aibu ni ya aliyedanganya.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao huleta ugomvi sokoni. Sarafu iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida si bandia. Kuchakaa huanzia sehemu zilizoinuka, kama taji la korongo kwenye shilingi 500 ya Uganda, na huendelea taratibu mpaka picha yote ilainike. Muuzaji anayemwita mteja mwizi kwa ajili ya sarafu kuukuu humdhulumu. Akiitilia shaka, ailinganishe na nyingine kwa zile hatua sita, au aombe malipo mengine kwa heshima.

MASWALI YA MJADALA BARAZANI

Tunawaomba viongozi wa vijiji na vikundi vya akiba wasome somo hili kwa sauti katika mikutano yao, wakiwa na sarafu chache mezani, na kujadili maswali yafuatayo:

1. Sarafu ina pengo ubavuni. Tutatazama sehemu zipi mbili kabla ya kutoa hukumu?

2. Mstari ulioinuka na mstari uliozama hutueleza nini kuhusu wakati zilipotokea?

3. Kwa nini kitovu kilichogeuzwa katika sarafu ya madini mawili hakiwezi kuwa kazi ya kiwanda?

4. Kati ya sarafu zilizo mezani, zipi zinatofautiana kwa sababu ya mwaka au madini tu?

5. Katika mfano wa mzee mwenye duka, ni neno lipi lilipaswa kumstua kwanza, na sisi tungemjibu nini yule mtaalamu?

Kikundi kitakachoyajibu kwa kushika sarafu mkononi kitakuwa kimejifunza zaidi ya kilichosoma. Na siku mgeni mwenye ulimi mtamu atakapofika kwenye kivuko chenu na sarafu iliyopinda, akutane na watu watakaoomba kwanza sumaku na mizani.